Safari ya Diaca na Eda ya Dada

Dada yangu aliipanga safari ya Diaca kwa muda mrefu kuliko watu wanavyopanga harusi, na safari yenyewe ni fupi. Zamani ukipanda shapa, yale mabasi madogo, asubuhi hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, adhuhuri umeshafika unakunywa chai, na jioni umerudi na gunia lako la mahindi. Mume wake alikuwa akienda kila wiki. Alinunua mahindi na mihogo mikavu kwa wakulima wa huko akaja kuuza mjini kwetu. Kisha vita ikaingia, siku moja akaenda asirudi, na sisi tukakimbilia Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, tukaishi kambini na kwa jamaa miaka kadhaa. Tuliporudi tulikuta nyumba haina paa. Tukaezeka, mie nikarudi kufundisha shule ya msingi, dada akarudi sokoni na karai lake la kukaangia samaki. Shemeji hakuwamo kati ya waliorudi.

Habari zake zilikuja kwa simu. Aliyepiga ni mkulima mmoja wa Diaca, Mmakonde, Mkristo, ambaye shemeji alikuwa akinunua mahindi kwake. Dada alikuwa na mafuta mikononi, akanipa simu nizungumze mie. Yule bwana alisema kwamba wakati watu wanakimbia, alimkuta mtu amelala majanini kando ya barabara, akamtambua kwa kidole. Shemeji alikuwa hana kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kililiwa na mashine ya kusaga zamani.

“Nilimzika mwenyewe kwa jembe langu, professora,” alisema, akiniita mwalimu kwa Kireno. “Mnisamehe. Sikuwa na mtu wa dini yake wa kumuuliza.”

Mie si hodari wa kufunika maneno. Nilimwambia dada yote, hata la kidole. Alisikiliza huku anageuza samaki, akaepua, akapanga kwenye sinia, ndipo akasema, “Basi itabidi twende tukamuone.”

Tangu siku hiyo neno likawa hilo: kwenda kumuona. Nyumbani kwetu hakuna aliyetamka marehemu, wala kaburi. Kwetu kifo ambacho jicho halijakiona ukikitaja ni kama unamwombea mtu afe. Hata mjomba wetu, mzee aliyekwisha kuzika nusu ya watu wa rika lake, alikuwa akisema “yule bwana wa Diaca” kana kwamba shemeji amehamia huko kwa biashara. Ilinichosha sana, lakini nami nilisema hivyo hivyo.

Hata hivyo kila mtu alijua maana ya safari. Siku dada atakayosimama mbele ya kaburi ndiyo siku atakayokuwa mjane, na siku hiyo hiyo ataingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila manukato, bila kanga za maua, na wanawake wa mtaa wanakuja kukaa naye. Kwa dada hiyo haikuwa adhabu. Ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo angeweza kumfanyia mumewe. Jirani yetu mmoja alifiwa na mume kwa ugonjwa wa ngiri, mume akazikwa hapa hapa, naye akaingia eda yake. Dada alikwenda kukaa naye akarudi amenuna.

“Yule ana bahati,” aliniambia.

Nilimkaripia. Bahati gani hiyo, mtu kufiwa?

“Yeye watu wanajua wampe pole ya nini,” akasema. “Mie wananisalimia, wakifika kwenye habari ya mume wanameza mate.”

Basi tukaanza kupanga. Gari lilikuwa la mjomba, pikapu yake ya kubebea barafu ya wavuvi, na mjomba alitoa sharti moja tu: hatoki mpaka majani yaungue. Kutoka Awasse kwenda Diaca kuna nyika kubwa, na mvua zikishanyesha, majani yanapanda pande zote mbili za barabara mpaka yanapita paa la gari. Mtu aliyepitia tuliyoyapitia hapiti katikati ya majani asiyoona ndani yake. Tukangoja kiangazi. Majani yakaungua, dada akasema tusubiri Maulidi yapite. Maulidi yakapita, yakaja maneno kwamba kuna watu wameonekana upande wa Mbau, barabara ikafungwa. Ilipofunguliwa, mvua zikawa zimeanza na majani yameota tena. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Nilianza kumshuku. Nikamwambia wazi, “Hutaki kwenda.”

“Nataka,” akasema. “Lakini nataka niende nikiwa tayari, mdogo wangu, maana nikirudi sitoki.”

Na kweli alijiandaa. Alipaka chokaa chumba cha nyuma, akahamisha kitanda, akaniagiza nimshonee magauni mawili ya kitambaa kisicho na ua hata moja. Jirani yetu muuza mihogo akakubali kumshikia meza yake sokoni. Wanawake wa mtaa wakagawana siku za kumpikia. Yote hayo yalisemwa kwa mafumbo, “dada akirudi Diaca,” “dada akiwa ndani,” na kila mtu akaitikia kwa kichwa. Mie ni mtu wa kukasirika ovyo, lakini nilipokiona kile chumba kilivyopakwa nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje.

Kiangazi kilichofuata ukazuka ugomvi wa mchele. Dada alitaka twende na gunia, sadaka yake, wapikiwe watu wanaokaa karibu na pale. Mjomba akakataa katakata.

“Mwanangu, ukipita na gunia la mchele kwa wanajeshi wataniuliza nampelekea nani porini. Utawaambia sadaka? Wao sadaka wanaijua?”

Alikuwa na haki. Siku hizi chakula kingi ndani ya gari kina maswali. Tukakubaliana kuchukua mfuko wa mikate, kiasi cha kuonekana ni chakula chetu cha njiani. Dada alilia kwa ajili ya ule mchele. Siku ya simu hakulia, wala siku moja baada yake sikumuona akilia, lakini mchele ulimliza mpaka sauti ikakauka.

Ukabaki ugomvi wa mwisho. Mjomba alisema wanawake hawafuati makaburini, waende wanaume waone, warudi watuambie. Dada akamjibu kwa adabu, lakini bila kutikisika, “Mjomba, kuambiwa nimeshaambiwa. Safari hii naona.” Nikamuunga mkono, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hapo mjomba akauliza jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko yote: kama eda inaanza pale pale kaburini, mwanamke aliye edani atasafiri vipi kurudi mjini, kupitia vizuizi, macho ya watu yote juu yake? Tulilijadili siku nyingi. Mwishowe tukakata shauri kwamba atakaa mbele pamoja nami, amejifunika gubigubi, na gari halitasimama popote mpaka mlangoni kwetu, hata mtu abanwe na haja vipi. Tulimchukua na mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani, kijana mpole aliyesoma Pemba, mwenye kikohozi kisichokwisha, aje kusoma dua. Yeye alikaa nyuma kwenye barafu isiyokuwapo.

Tulitoka baada ya alfajiri. Kwenye kizuizi mwanajeshi alifungua mfuko, akachukua mkate mmoja, akaniuliza kwa Kireno tunakwenda wapi. Nikamjibu tunakwenda kumuona shemeji. “Tá bom,” akasema, akatupisha. Baada ya Awasse nyika ikafunguka. Moto ulikuwa umepita siku chache nyuma, ardhi nyeusi pande zote, vichuguu vyekundu vimesimama peke yake, na mtu angeweza kuonekana kutoka mbali sana. Nilikuwa nimetamani uwazi ule mwaka mzima, na nilipoupata niliogopa. Dada alikuwa anatazama mbele tu, mikono juu ya mapaja.

Mkulima alikuwa ametungoja kando ya barabara kabla ya kufika Diaca, amevaa shati la kanisani. Alitusalimia kwa kuinama, akatangulia. Hatukwenda mbali. Palikuwa na tuta dogo la udongo, limezungushiwa mawe, na juu yake msalaba wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge. Mjomba akaguna. Yule bwana akapiga magoti haraka aung’oe, huku uso umemshuka.

“Sikujua alama nyingine, mama,” alimwambia dada. “Nilisema asilale bila alama. Kila moto ukipita unaunguza, nakuja kufunga mwingine.”

“Uache kwanza,” dada akasema. Akauangalia kwa muda. “Ahsante sana, kaka yangu.”

Mwalimu akauliza alimlaza kuelekea wapi. Mkulima akasema alimwelekeza baharini, kwao. Kibla haiko huko, kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyesema. Mwalimu akafungua viganja, akasoma, tukaitikia amina. Dada alichutama karibu na mawe, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alilitaja jina lake mara moja. Tangu simu ile sikuwahi kumsikia akilitaja.

Mwalimu alitaka kujua ilikuwa lini, ili ajue namna ya kuisoma hitima. Mkulima akasema ni wiki ile ile aliyopotea, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mwalimu akaangalia chini. Dada akasimama, akavuta kanga mpaka usoni, akaniambia twende nyumbani akaanze.

“Mama,” mwalimu akasema, akakohoa. “Hakuna cha kuanza.”

Tukamgeukia wote. Akaeleza polepole, anatafuta maneno yasiyoumiza, na hayakuwapo. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Miezi yake ilikwisha miaka mingi nyuma. “Umeshaikaa,” alisema. “Uliikaa bila kujua.”

Mjomba alimpinga. Alisema maisha yake yote ameona wajane wakihesabu tangu habari ilipofika. Mwalimu akasema ni kweli watu wanafanya hivyo, lakini hesabu ni ya kifo.

Dada alisema kwa sauti ya chini, “Miezi ile tulikuwa kambini. Binti wa hema la jirani aliolewa. Nilicheza. Nilipaka hina mpaka kwenye viwiko.”

“Huna dhambi, mama. Hukujua.”

“Sikuuliza dhambi,” dada akasema.

Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka yote. Kwa muda wote ule tuliuliza habari za matairi, za majani, za wanajeshi, za mchele, nani apike Jumanne na nani Alhamisi, na mwalimu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Angetujibu siku moja, kwa sentensi moja. Hatukumuuliza kwa sababu kuuliza eda ya mtu ni kusema amekufa, na sisi tulikuwa tunakwenda kumuona. Nilimchukia mwalimu kwa elimu yake, nikamchukia mjomba, nikajichukia na mie. Mkulima wa watu alisimama kando na kofia mkononi, anadhani kosa ni la msalaba.

Tukarudi. Dada alikaa mbele kama tulivyopanga, lakini uso wake ulikuwa wazi, na tulipofika Awasse tulisimama kunywa maji kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kutosimama. Pale mjomba, kwa nia njema, Mungu ananisikia, akamwambia, “Sasa uko huru, mwanangu. Bado kijana. Watu wataanza kuuliza.” Nikamwambia mjomba wangu anyamaze. Kwetu hilo halisemwi, na nililisema, na akanyamaza.

Mbele ya nyumba wanawake walikuwa wamejaa. Mikeka imetandikwa, ubani unafuka mlangoni, masufuria yako motoni. Gari liliposimama wakainuka wote, wawili wakaja kumshika dada mabega wamwingize ndani taratibu, macho chini, kama inavyofanywa. Mwalimu akawazuia kwa mkono, akawaeleza. Ilibidi aeleze mara ya pili kwa wale wa nyuma. Wale wawili wakamwachia mabega. Hakuna aliyejua kama aseme pole au asiseme. Mmoja akasema “alhamdulillahi” halafu akajishika mdomo. Wakapakua chakula, kikaliwa kimya, mikeka ikakunjwa, na mmoja mmoja wakaondoka kabla ya magharibi, kila mtu na sufuria yake.

Akabaki jirani muuza mihogo, yule aliyekubali kushika meza. Alisimama uani anasugua mikono, hana la kufanya.

“Kwa hiyo, dada, kesho unakuja sokoni?”

Dada aligeuka akaniangalia mie, ambaye sijawahi kukosa la kumjibu.

“Kesho niende?” akaniuliza.

Kesho yake akaenda.