Dakika Tano za Fundi Saa

Ukifungua saa ya mkono ya zamani, ile ya kutia ufunguo, utakuta ndani yake utepe wa chuma mwembamba kuliko unywele, umejizungusha kama konokono. Utepe huo hupumua. Unajikunja na kujikunjua, siku nzima, mwaka mzima, na ndio unaoifanya saa iseme kweli. Ukiugusa vibaya mara moja tu, basi.

Fundi Saa aliugusa vibaya Jumamosi moja, saa nane mchana, akiwa amelala.

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, lenzi imebanwa jichoni, kibano mkononi. Mtu angepita angesema huyu bwana yuko kazini kwelikweli. Kumbe mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani. Kichwa kilianguka kidogo, mkono ukafuata, na ncha ya kibano ikazama katikati ya saa ya mwalimu mstaafu, saa ambayo mzee yule aliivaa tangu siku yake ya kwanza darasani.

"Pole, mzazi," alisema Fundi Viatu, jirani yake wa barazani, bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. "Nimekusikia ukikoroma. Nikasema nisimwamshe, labda anaipimia saa ya watu mapigo ya moyo."

Fundi Saa hakucheka. Aliutazama ule utepe. Ulikuwa umepinda kama uzi uliochezewa na paka.

Mwalimu alipokuja jioni, aliambiwa ukweli. Hakufoka. Aliitia saa yake mfukoni, akasema, "Sawa, baba, ni kazi," akaondoka polepole. Afadhali angefoka.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa nyumbani, nacho kilikuwa na miezi kumi na miguu minne.

Walikuwa mapacha, wasichana, wamefanana mpaka bibi yao mzaa mama akija huwaita wote wawili "wewe". Aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na mbili aliitwa Mkubwa, mwenzake Mdogo, na majina hayo yakawakaa. Mchana uliweza kuwatofautisha kwa alama ndogo nyeusi nyuma ya sikio la Mdogo. Usiku ulihitaji bahati.

Mama yao alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, zamu ya usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Alikuwa bado kwenye majaribio ya miezi sita, na alishamaliza minne. Akimaliza miwili iliyobaki angethibitishwa, apangiwe zamu za mchana kama watu wengine. Akiacha katikati, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na foleni ya wanaoitaka ilikuwa ndefu. Yeye mwenyewe alikuwa ameingoja miaka mitatu. Mchana mdogo wake wa kike alikuja kushika watoto ili yeye apate kulala. Usiku ulikuwa wa baba.

Na usiku wa baba ulikuwa hivi: Mdogo anaguna, baba anaruka. Anamnyakua asije akamwamsha mwenzake. Anambembeleza, anampa chupa, anatembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, mguu mosi mguu pili, mpaka analegea. Anamlaza kama mtu anayeweka yai juu ya yai. Anarudi kitandani. Hajavuta shuka, Mkubwa anaguna. Mara sita, mara saba kwa usiku mmoja. Asubuhi alikuwa hoi, macho mekundu, shati amelivaa ndani nje, na barazani Fundi Viatu anamngoja na utani wake.

Jumamosi hiyo ya saa ya mwalimu, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akikunja nepi, akaacha.

"Baba Pacha, mimi nitaacha kazi."

"Aa, mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Leo umepinda saa ya mtu. Kesho utamwangusha mtoto. Nikiwa kule wodini nageuza wagonjwa wa watu, roho yangu iko huku. Nitamwambia msimamizi."

Fundi alijua jinsi mkewe alivyoipiga pasi sare yake ya kazi siku ya kwanza, mara tatu, mpaka ikasimama yenyewe.

"Nipe wiki moja. Zamu nne tu."

"Zamu nne zitabadilisha nini ambacho miezi minne haijabadilisha?"

"Sijui. Nipe tu."

Mkewe alirudi kwenye nepi zake. "Ijumaa asubuhi nikirudi nikakukuta hivi hivi, siku hiyo hiyo nageuza, namwambia msimamizi. Na usinibembeleze."

Jumatatu fundi alianza na akili yake mwenyewe, na akili ya mtu asiyelala ni kitu cha kuogopa. Aliwaza: wasipolala mchana, watalala usiku. Akamwomba shemeji yake awachezeshe kutwa, wasisinzie hata kidogo. Kufika jioni watoto walikuwa wamechoka kupita kiasi, wamekuwa wakali kama nyuki. Walilia saa mbili mfululizo, wakajipinda mgongo, wakakataa chupa, wakakataa kubebwa, wakakataa kuwekwa chini. Jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Fundi naye karibu alie.

Jumanne alifunga meza mapema, akapitia kliniki ya watoto. Nesi wa pale, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, alimsikiliza huku akipima mtoto wa mtu mwingine.

"Uliwanyima usingizi wa mchana? Baba wewe! Mtoto aliyechoka sana halali, anapigana. Warudishie usingizi wao. Jioni fanya mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila siku: chakula, maji ya vuguvugu, taa ndogo, wimbo kama una sauti. Halafu uwalaze chali, macho yakiwa bado yanaona. Usiwangoje wasinzie mabegani."

"Na wakiamka usiku?"

"Ndiyo yenyewe. Mtoto hunung'unika usingizini, hajaamka huyo. Akilialia usimrukie. Mpe dakika tano. Lakini kilio cha homa au maumivu unakijua, hicho hakingojwi hata kidogo."

"Dakika tano nawapa tayari," fundi alisema.

"Unawapa?"

"Nawapa."

Nesi alimtupia jicho, akamwita anayefuata.

Jioni ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Karibu aoge nao, maana maji mengi yalimwishia yeye. Aliimba wimbo mmoja aliokumbuka maneno yake nusu, nusu nyingine akanguruma. Aliwalaza macho wazi, kila mmoja kwenye kitanda chake cha mbao, na baada ya fujo kidogo wakalala wenyewe. Alisimama pale mlangoni amepigwa na butwaa. Lakini usiku wenyewe ulikuwa ule ule: mara tano aliitwa, mara tano alikwenda, na kila mara aliapa moyoni kwamba amengoja dakika zake tano.

Jumatano ndipo alipofanya kosa.

Ilikuwa kama saa saba usiku. Alisikia mguno. Alinyanyuka kabla akili haijanyanyuka, akavuka chumba gizani, akainama, akanyakua mtoto, akamtia chupa mdomoni. Mtoto alishtuka, akaitema, akaangua kilio cha mtu aliyeonewa. Fundi alimtikisatikisa begani, akamtazama nyuma ya sikio kwa mwanga wa simu. Hakuna alama. Mkubwa.

Aligeuka. Aliyeguna alikuwa Mdogo. Naye Mdogo, wakati baba yake akihangaika na mwenzake, alishageuza kichwa upande wa pili, kidole gumba kinywani, usingizi fofofo.

Fundi alisimama pale na mtoto aliyemwamsha mwenyewe. Mtoto aliyelia hakuhitaji mtu. Mtoto aliyehitaji mtu sasa hakuwa amelia. Na kelele zote hizi za Mkubwa, jamani, Mdogo hakutikisa hata kope! Miezi yote alikuwa anakimbia wasije wakaamshana, kumbe kengele ya nyumba ile ilikuwa yeye.

Ilimchukua saa nzima kumrudisha Mkubwa usingizini. Saa hiyo yote hakuwaza kingine.

Alhamisi alirudi nyumbani na saa ya mezani kutoka kazini, yenye mshale wa sekunde unaoonekana vizuri. Baada ya maji na wimbo, alibeba kigoda akakaa nje ya mlango wa watoto, saa magotini, tochi ya simu imefunikwa kwa leso.

Saa tano usiku Mdogo alianza. Mh. Mh-mh. Kisha kilio chembamba. Fundi alivumilia, alivumilia sana, akajikaza kisabuni, mpaka alipoona sasa yatosha, huu ni ukatili. Akasimama, mkono kwenye kitasa. Kabla hajakizungusha akaitazama saa.

Sekunde kumi na tisa.

Aliisogeza sikioni akidhani imesimama. Haikusimama. Aliitengeneza mwenyewe, haikuwa na kosa hata chembe. Miaka kumi na sita alikuwa akiwaambia watu saa zao zinakimbia, na kumbe yeye ndani yake alikuwa akikimbia namna hii!

Akaketi tena. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dakika moja ina urefu kiasi kile. Ya kwanza ilipita akiuma ukucha. Katika ya pili kilio kilipanda, akasikiliza kwa makini kama anavyosikiliza mashine: je, ni maumivu? Hapana, ni malalamiko, ni mtu anayegombana na shuka. Ya tatu jasho lilimtoka kwapani. Katika ya nne kilio kilikatika, kikaanza, kikakatika, kikawa kama mtu anayejisimulia jambo. Kisha sauti ya kunyonya kidole. Kisha hakuna.

Alibaki ameukodolea macho mshale wa sekunde kwa muda mrefu, hata asijue afanye nini na mikono yake.

Saa tisa Mkubwa alilia kweli, na hakungoja. Aliingia, akakuta nepi imejaa mpaka mgongoni, akambadilisha bila kuwasha taa wala kusema neno, akamlaza. Mdogo kando hakujua kitu. Akarudi kigodani kungoja mguno unaofuata. Aliungoja, akaungoja, akaegemea ukuta.

Mkewe alirudi saa moja kasoro asubuhi. Kwa miezi minne alikuwa akisikia vilio vya wanawe tangu kwenye ngazi. Asubuhi ile ngazi zilikuwa kimya. Alipanda mbili mbili. Akamkuta mumewe sakafuni kando ya kigoda, mdomo wazi, shingo imepinda, saa kifuani. Damu ilimkauka. Hata hakumgusa, alimruka, akaubamiza mlango wa watoto mpaka ukagonga ukuta.

Mapacha wote wawili waliruka kwa pamoja na kulia kwa pamoja.

"Mama Pacha!" fundi alipiga kelele kutoka chini. "Umewaamsha!"

"Nimewaamsha? Kwani walikuwa wamelala?"

Alisimama katikati ya chumba, kofia ya kazi imemwangukia jichoni, mtoto kila mkono, anahema. Fundi alisimama kwa kujishika ukuta.

"Mdogo aliguna saa tano, akajinyamazia mwenyewe. Mkubwa mara moja, saa tisa, nepi."

"Na wewe?"

"Mimi…" Alijikuna kichwa. "Mimi ndiye nilikuwa nawaamsha. Juzi usiku nilimwamsha asiyelia. Zile dakika tano nilizokuwa nikisema nazingoja, nimezipima. Zilikuwa sekunde kumi na tisa."

Mkewe alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyesimama usiku kucha, kisicho na nguvu, kinachotoka na machozi. Akaketi kitako sakafuni na watoto wake. Fundi naye akateremka akakaa. Mdogo alianza kuitafuna kofia ya mama yake.

"Usiku mmoja huo," mke alisema, alipopata pumzi.

"Mmoja."

"Mkubwa ana jino linakuja. Wiki ijayo linaweza kukufumua tena."

"Linaweza. Na mimi bado ningeweza kulala hapa hapa mpaka Jumapili." Hakumdanganya. Macho yake yalikuwa mekundu vile vile. "Lakini sasa najua nifanye nini. Kabla sikujua."

Mkewe alimfuta Mkubwa pua kwa pindo la sare. Chini barabarani maduka yalikuwa yanafunguliwa, mtu anavuta mlango wa bati. Fundi alipaswa kuwa kwenye meza yake baada ya saa moja, na hakujua miguu ingemfikisha vipi.

Mke alimpa mumewe Mdogo ampakate, akanyanyuka kwenda kuvua viatu.

"Sitaenda kwa msimamizi," alisema akiwa amempa mgongo. "Jumatatu nina zamu. Uniamshe saa kumi jioni, nisichelewe."