Hedi ya Pikapu na Kioo cha Nyanya

Wiki jana gari langu lilichemka nikitoka Kawangware, likatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Fundi alifungua kifuniko cha oili akanionyesha: imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Gaskiti, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio ya injini, ilikuwa imeungua, na hedi, lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu, imepinda. Akaipeleka kwenye mashine, ikasagwa, ikarudi inang'aa kabla sijamaliza soda yangu. Hakuna aliyeimba. Nilicheka peke yangu, fundi akanitazama kwa wasiwasi. Angejuaje kwamba mimi niliiona kazi hiyo ikifanywa juu ya kioo cha meza ya nyanya yangu?

Wewe uliyekulia Kibera unazijua nyumba zetu. Chumba ni kimoja, pazia katikati, na nusu ya mbele ndiyo sebule. Kwa nyanya, kule kijiji cha Raila, sebule ilikuwa na meza yenye kioo kinene, na juu yake vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Kikombe hakikuwekwa pale. Hata pasta alipotutembelea aliishika chai yake mkononi hadi ikaisha. Sisi wajukuu tukikaribia tu, tuliitwa kwa majina yetu yote.

Basi ikaja harusi ya shangazi. Nyanya alikuwa amewaambia wakwe, tena mbele za watu, wasihangaike kutuma gari: binti yake angefika kanisani kwa gari la kwao. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya baba, iliyopeleka viazi na vitunguu Soko la Toi wiki nzima na kunuka vitunguu hata baada ya kuoshwa. Siku moja kabla ya harusi, ikachemka.

Jirani yetu, fundi mcheshi kutoka Kitui, aliifungua injini palepale nje. Hedi akaifunga kwa gunia, akaipeleka Kawangware kwenye mashine ya kusaga, na mchana akarudi nayo vilevile. Stima zilikuwa zimepotea huko tangu asubuhi, mashine zimelala. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akatuita watoto tuchungulie. Katikati, mwanga ulipenya chini ya rula.

"Hii imebend, Shosho," alimwambia nyanya. "Nikiifunga hivi, kesho aunty atashukia Ngong Road na gauni yake."

"Sasa?"

"Naeza isugua na mkono. Msasa iko, mafuta taa iko. Shida ni kitu flat kabisa ya kuweka chini. Kitu kama glasi hivi, ile nzito."

Tuligeuka sote kuitazama meza. Mama akajitia kukoroga ndengu. Nyanya aliitazama meza, akalitazama gauni jeupe lililotundikwa ukutani, kisha akaanza kukunja vitambaa, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Ikivunjika," alisema, "msiniambie. Nitajionea mwenyewe."

Kioo kikatolewa nje, kikalazwa juu ya ile meza ya kusukumia chapati za harusi. Fundi akatandaza msasa, akaunyunyizia mafuta ya taa, akachora mistari ya wino kwenye uso wa hedi. Alitueleza kwamba mistari yote ikifutika, hedi imenyooka. Baba akawa wa kwanza kusugua, tena kwa pupa ya mtu anayeiona aibu ikija. Msasa ukachanika, kona ya hedi ikakikwaruza kioo. Sauti ile naisikia mpaka leo. Shangazi alifunika uso.

Nyanya akakunja mikono ya blauzi. "Hebu tokeni. Mnasukuma kama mnagombana na mtu."

Alikuwa amesaga mtama kwa jiwe tangu utotoni kwao Magharibi. Fundi alipoweka msasa mwingine, nyanya aliishika hedi vivyo hivyo, akaiacha ikae kwa uzito wake, akaizungusha taratibu na kuanza wimbo wa kusagia. Wanawake waliokuwa wakikanda unga wakaitikia. Kila mara fundi alipangusa, akaonyesha palipobaki wino, na wimbo ukaendelea. Harufu ya mafuta ya taa ilichanganyika na ya chapati, nasi watoto tukacheza hadi tukachoka. Nilikuwa na furaha tele.

Mstari wa mwisho ukafutika. Chini ya rula, giza tupu.

"Shosho, Monday uko kazi garage," fundi alisema, na nyanya akacheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake shangazi aliteremka kanisani kutoka kwenye pikapu ya kwao, akinukia marashi na vitunguu kidogo, vigelegele kila upande. Baba alitaka kununua kioo kipya, nyanya akakataa katakata. Mkwaruzo ulikaa chini ya kitambaa cha katikati, na mgeni akija, kabla hata ya chai, kitambaa kiliinuliwa auone.

Pale injini ilipofunguliwa sasa pana ghorofa. Fundi alirudi kwao Kitui. Nyanya tulimzika, nami bado namlilia, ingawa kila nikimkumbuka huanza kwa kucheka. Meza iko kwangu. Siku ile gari lilipopona nilirudi nyumbani, nikainua kitambaa, nikaupitisha mkono kwenye ule mkwaruzo. Kisha nikaketi. Chai yangu niliishika mkononi hadi ikaisha.