Kishikizo cha Shingo ya Bibi

Jumamosi iliyopita, nyumbani Mkonze, hapa Dodoma, binti yangu alikuwa anajiandaa kwenda harusini. Nikanyoosha mikono nimfungie mkufu. "Mama, acha tu, ni wa sumaku," akasema, na ncha mbili zikashikana zenyewe. Nikabaki mikono hewani. Usinicheke, ndugu yangu: nilimkumbuka bibi yangu, nikatamani kulia.

Bibi alikuwa na ushanga wa safu nyingi, mwekundu na mweupe, uliofungwa kisogoni kwa kishikizo cha shaba: kikulabu upande huu, kitanzi upande ule. Aliurithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, hata shaba ilikuwa imelika kwa vidole vyao. Ajabu yake ni kwamba mvaaji hakuweza kujifungia. Ilibidi kikulabu kibanwe huku kitanzi kikivutwa, na huko nyuma ya shingo mikono yako mwenyewe haina nguvu hiyo. Fundi gani huyo, aliyeamua kwamba mwanamke asipendeze bila mwenzake? Nilijiuliza nikiwa mtoto, na hata leo nikiwaza hivyo mwili unanisisimka.

Aliyemfungia bibi alikuwa jirani yetu, mjane kama yeye. Kila sikukuu alikuja na ushanga wake mkononi, wakapokezana kigoda, mmoja akimfungia mwenzake, nyumba nzima ikinukia karanga za kukaanga. "Shingo imenenepa, mwenzangu," jirani angemtania. "Punguza mlenda." Kesho yake alirudi, wakafunguana.

Mwaka mmoja mbuzi wa jirani waliingia shambani wakala uwele wa bibi. Yakatoka maneno ambayo sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie. Msimu mzima hawakusalimiana, na milango yao ilikuwa inatazamana.

Ikafika harusi ya shangazi yangu. Bibi alikaa kigodani tangu asubuhi, ushanga mapajani. Mama alipotaka kumfungia, alikataa.

"Niache. Nitakwenda shingo tupu."

Shingo tupu, kwenye harusi ya bintiye! Shangazi akaangua kilio. Wageni walishajaa uani, na hakuna aliyejua la kufanya.

Ndipo jirani akaingia, ushanga wake mkononi. "Mbukwa," alisalimu kwa Kigogo. Bibi akaitikia, "Mbukwa." Hakuna aliyeomba radhi. Jirani alisimama nyuma yake, akabana kikulabu. Kikulabu kikateleza, kikateleza tena, mwishowe kikashika. Bibi akainuka, akampisha kigoda.

"Uwele utaota mwingine," alisema akimfungia.

Nimeiona treni ya umeme ikiingia Dodoma, na nilishangaa kama wenzangu. Lakini sijashangaa kama nilivyoshangaa siku ile, kuona kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha kikiwarudisha watu wazima wawili pamoja. Siku hizi sioni tena vishikizo vile, wala mafundi wake sijui walikwenda wapi.

Miaka ikapita. Pasaka moja jirani alimfungia bibi kama kawaida, na usiku uleule mjane yule akafariki usingizini. Baada ya mazishi mama alitaka kumvua bibi ushanga apumzike. Bibi akaikamata shingo yake kwa mikono yote miwili.

"Aliyenifungia hajaja kunifungua," alisema.

Alilima nao, akalala nao, na siku tulipomzika hakuna kati yetu aliyethubutu kuugusa.