Hodi ya Mama Fadumo

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia mtu anapiga hodi kwa mzazi. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya mlango wangu, mlango niliokuwa nimeutia komeo kwa mkono wangu mwenyewe, mtoto wangu wa kwanza mapajani, pumzi nimeibana. Nje alikuwa amesimama mwanamke aliyeniletea chakula. Nami nilikuwa naomba achoke, aende zake.

Usicheke. Au cheka tu, maana hata mimi siku hizi nacheka. Lakini kwanza nikueleze nilifikaje pale sakafuni.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, kwenye ukungu na migomba, na kazi ndiyo iliyonileta Garissa nikiwa mwalimu mbichi kabisa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji huko Modogashe. Nyumbani alionekana mwisho wa juma, na lori likiharibika hakuonekana kabisa. Tulipanga vyumba viwili katika mtaa ambao majirani wote walikuwa Wasomali. Kisomali changu kiliishia kwenye salamu na bei ya maziwa. Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Fadumo, muuza maziwa ya ngamia sokoni, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita punda aliye ng'ambo ya mto Tana. Fadumo alikuwa binti yake wa pekee, aliyeolewa akahamia Ulaya kwenye baridi, nami sikupata kumwona ila katika picha iliyokuwa ukutani kwa mama yake.

Nilipojifungua nilijua mama yangu hatakuja. Baba alikuwa kitandani, hajiwezi, na nani angemgeuza ubavu? Mama aliniambia kwenye simu, "Jikaze, mwanangu." Hakuwa na nia mbaya, maskini. Ila neno lile nililimeza zima zima. Nikajikaza, nikajikaza, mpaka maziwa nayo yakajikaza.

Sasa, kwa Wasomali mzazi haachwi peke yake. Siku arobaini hapiki, hafui, hatoki nje. Wanawake wa mtaa huingia na kutoka, huyu na supu ya mbuzi, yule na uji wa mtama uliotiwa samli, mwingine chetezo mkononi anafukiza ubani nyumba nzima. Arobaini ikitimia, mama na mtoto hutolewa nje kwa nyimbo. Siku za mwizi ni arobaini, sisi husema hivyo. Kumbe na za mzazi pia.

Usidhani kwetu Taita mzazi hatunzwi. Hutunzwa sana, ila na mama yake na dada zake, watu waliomjua tangu akiwa na kamasi puani. Hawa wa mtaani sikuwajua. Siku ya kwanza walinikuta nyumba haijafagiliwa, beseni la nguo limefurika, nami nimeinama kwenye jiko la makaa. Mama Fadumo alinishika mkono akanitoa jikoni kama anayefukuza kuku. Kabla sijapata neno la kusema, mwenzake alikuwa ameshachukua khanga zangu zenye damu kwenda kuzifua. Nikaona haya, mwanangu. Mimi ndiye niliyesimama na chaki mbele ya watoto wao, na leo mama zao wanafua uchafu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikaanza uongo. Nimekula. Nimeshiba. Mtoto amelala. Dada yangu yuko njiani. Uongo ulipoisha, nikaanza kufunga mlango. Nikiwa peke yangu nilishindia chai ya rangi na mkate, nikafua mwenyewe juani saa ambayo hata mbuzi wametafuta kivuli. Nilijiona shujaa.

Na mtoto, Wakesho wangu, alikuwa ananyonya kidogo, anaachia, analia. Nilimpeleka kliniki. Muuguzi akampima, akaitazama mizani, akampima tena. Akaniambia kwa upole kwamba uzito umeshuka, nirudi wiki ijayo, na ukishuka tena mtoto atalazwa. Kisha akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu wa kukusaidia?"

"Wapo wengi," nikajibu. Na kweli walikuwepo, ila nilikuwa nimewafungia nje.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sijaijua tena maishani. Usiulize kwa nini sikukimbilia kwa jirani saa ile ile. Nilidhani mwanamke asiyeweza kumlisha mwanawe si mwanamke, na sikutaka mtu ajue. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mzazi akiuficha uchungu wenyewe, nani atamsaidia?

Alasiri ya siku iliyofuata ndiyo ile ya sakafuni.

"Mwalimu! Hodi! Mimi najua wewe iko ndani."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu nilikuwa nimekipakata. Wakesho akaangua.

"Asante, mama," nikasema, mgongo nimeuegemeza mlangoni. "Nimekula, nimeshiba kabisa. Usijisumbue."

"Wewe nashiba?" akauliza. "Basi mtoto nalilia nini?"

Nikasikia sinia likiwekwa chini, kisha yeye mwenyewe akiketi kizingitini huku akiguna kwa ajili ya magoti yake. Tukawa tumepeana migongo, bati la mlango katikati. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza, kwa sababu majibu ya ugomvi nilikuwa nayo tayari. Badala yake akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo P huwa B na V huwa F:

"Mwalimu, Fadumo yangu nazaa. Wiki moja na wewe. Mtoto kijana. Mimi hana basborti, hana ndege, nakaa Garissa nasikia kwa simu tu. Huko watu nafunga mlango, baridi. Hata jirani hajui jina yake. Sasa mimi nafanya nini? Nabika. Kila sahani naleta kwako, nasema, Ya Rabbi, mimi nalisha mtoto ya mtu, na wewe beleka mtu moja kwa mlango ya Fadumo. Lakini wewe nafunga. Juzi nafunga, jana nafunga. Narudi na sahani yangu. Nalala, nafikiri, labda na huko mtu nabisha, na Fadumo nafunga hifi hifi."

Nikasikia anafuta pua.

Mwanangu, sikuwa hata najua kwamba Fadumo amejifungua. Kila siku mama huyu alikuja na habari yake kifuani, nami sikuwahi kumuuliza habari ya kwake. Nilikuwa na kazi ya kujionea haya tu. Nilidhani namwondolea mzigo, kumbe namrudishia dua yake mkononi ikiwa bado moto.

Nikafungua. Machozi yalinitangulia nje. Hakunikumbatia wala kunibembeleza, hana tabia hiyo. Alimchukua mtoto, akamtazama, akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni, akasukuma sinia ndani kwa mguu.

"Kula kwanza," akasema. "Kulia tutalia baadaye. Subu nabata baridi."

Nikala. Supu, anjera, ile mikate yao laini ya maji, vipande vya nyama vilivyokatwa vidogo vidogo, na chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Sikuacha kitu. Yeye ameketi pale pale, mtoto begani, anahesabu kila tonge kama askari jela. Nilipomaliza, nilimwambia ukweli wote: maziwa, mizani, muuguzi. Hakushangaa hata kidogo. Akasema kwamba alipomzaa Fadumo, maziwa yake mwenyewe yalikawia, akadhani dunia imekwisha. Kumbe lile jambo nililoliona fedheha yangu peke yangu, kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa na hadithi yake kama hiyo. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimezaa halafu nikataka kuanza kuficha!

Tangu siku ile komeo sikulitumia tena mchana. Mmoja alifua, mmoja alimwogesha mtoto, mmoja alinifundisha jinsi ya kumweka kifuani nisiumie. Na alikuwepo bibi mmoja asiyeona vizuri, ambaye hakuweza kazi yoyote. Yeye alikuja kumpakata Wakesho ili mimi nilale. Usingizi mtamu kama ule sijaupata tena mpaka leo. Hapakuwa na dawa ya ajabu, mwanangu, usije ukaniuliza majani gani. Nilikula, nikalala, nikamnyonyesha mtoto kila alipotaka, na moyo ukatulia. Maziwa yakaja. Wiki ile niliporudi kutoka kliniki nilimkuta Mama Fadumo amesimama barabarani katikati ya mikokoteni ya punda, ananipigia kelele kutoka mbali, "Kilo nasemaje?" Nikamwambia imepanda. Mtaa mzima ulijua kabla sijafika mlangoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuonja utamu wa uzazi, na nakuambia haukuwa mkubwa wa kutangazwa. Ilikuwa harufu ya shingo ya mtoto akiamka, vidole vyake vinavyoshika ushungi wangu na kukataa kuachia, na yale maziwa yanayomtoka pembeni mwa mdomo akiwa ameshiba na kulewa. Kuchoka kulikuwepo, usidanganywe. Mgongo uliuma, usingizi ulikatika vipande vipande, nywele zilikaa wiki bila kuchanwa. Lakini uchovu wa mtu aliyezungukwa na watu si sawa na uchovu wa mpweke.

Kila Ijumaa Fadumo alimpigia mama yake simu. Ijumaa moja nilisikia kupitia dirisha neno "mwalimu, mwalimu" likirudiwa, na kicheko, nikajua nimeanikwa. Halafu kicheko kikakatika. Baadaye Mama Fadumo akaja, akaketi kitandani kwangu bila kunipa hata salamu.

"Naambia Fadumo habari yako, fenye wewe nafunga mlango. Yeye nacheka sana," akasema. "Halafu nalia. Nasema, hooyo, mama, mimi bia nafunga."

Ikawa hivi. Ghorofa ya chini kwa Fadumo aliishi bibi mzee wa Kizungu. Tangu mtoto azaliwe, bibi yule alikuwa akipanda ngazi na kubisha, chungu mkononi. Fadumo alimtazama kwenye kitundu cha mlango na kunyamaza. Lugha hajui vizuri, nyumba imechafuka, na chakula chenyewe hajui kama ni halali. Bibi hubisha, hungoja, hushuka na chungu chake.

"Sasa umemwambia nini?" nikauliza.

"Natukana yeye kidogo. Halafu namwambia, fungua! Kama nyama si halali, usile nyama, kunywa maji tu. Lakini fungua."

Akacheka, akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika, nami sikujua tena kama ni kicheko. Wiki zote zile alikuwa akimwomba Mungu ampeleke mtu kwa mwanawe. Mtu alikuwa amekwisha kupelekwa, siku nyingi, amesimama nje anabisha.

Arobaini yangu ilipotimia, walinivika gauni jepesi la dirac na kunifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Desturi ni mzazi atolewe apelekwe nyumbani kwa mama yake, nami nikakumbuka wangu yuko Wundanyi. Mama Fadumo akanishika mkono, akasema mama yangu leo yuko mlango wa pili. Tukaenda kwake, wanawake wakiimba na kupiga makofi, watoto wa darasa langu wakichungulia uani na kunong'ona kwamba mwalimu kumbe anajua kucheza. Katikati ya nyimbo simu ikalia. Fadumo alitaka asikie sherehe. Mama yake akainua simu juu, wote wakaimba kwa nguvu, na ulipotulia wimbo, akauliza kwa Kisomali, kwa sauti yake ile ile kubwa, mtoto yuko wapi. Akasikiliza. Akatugeukia, uso umechanua.

"Mtoto iko na yule bibi," akatuambia. "Fadumo nalala mchana."

Vigelegele vilivyopigwa pale, naamini vilisikika hadi kule kwenye baridi bila msaada wa simu.

Wakesho sasa ni msichana wa chuo, na Mama Fadumo amezeeka, sauti tu ndiyo haijazeeka. Ninyi vijana wa leo nawapigia simu mkiwa wazazi, mnaniandikia "niko poa, mum," na picha ya uso unaocheka. Mwanangu, sijaja na nasaha nyingi. Mtoto hukuzaa ili upimwe ushujaa. Chakula kikija, kula. Mtu akitaka kufua, mpe nguo, hata zile unazozionea haya. Maziwa yakikataa, sema siku ile ile, kwa muuguzi na kwa jirani, kwa maana mtoto hashibi fahari ya mama yake. Na ukumbuke kumuuliza anayekuletea sahani habari ya kwake, kwa kuwa mara nyingi na yeye ana wake anayemlilia mahali. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, lakini jirani hawi karibu kama hukumruhusu. Siku ukipata nguvu, usihangaike kuirudisha sahani ile kwa aliyekuletea. Tafuta mzazi mwingine, mgeni zaidi yako, umpelekee yeye. Akikataa, keti pale nje kidogo usiondoke upesi.

Mungu akukuzie, mwanangu. Akupe maziwa yasiyokatika na usingizi hata wa kuazima. Akuondolee haya pale isipohitajika, akubakizie pale inapohitajika, na huyo uliyempakata akue akuone mzee, mwenye meno machache na wajukuu wengi. Amina.