Punguza Mawazo

Nilipoanza vidonge vya saratani ya tezi ya shingo, kichwa kilinigonga wiki nzima. Kwenye kliniki ya Dagoretti Corner nesi alinipima presha, akaguna: "Iko juu. Punguza mawazo, mama." Daktari wa mjini aliyeniandikia vidonge naye, bila kuinua macho: "Punguza mawazo." Kanisani wakaomba mawazo yanitoke. Mawazo gani, nami nalala fofofo?

Ndipo nikaikunjua ile karatasi ya ndani ya pakiti, maandishi kama mayai ya chawa. Imeandikwa wazi: dawa hii hupandisha presha, mgonjwa apimwe mara kwa mara. Nikamtandazia daktari mezani. Akasoma, akakohoa, akasema alidhani najua. Ningejuaje, na aliyesomea ni yeye?

"Daktari," nikamwambia, "mimi nimepunguza mawazo. Sasa wewe ongeza."