Kurasa Zilizopungua

Kaka yangu anauza vitabu, na mtaa mzima unamwita Profesa. Mimi niliyekua naye chumba kimoja sijawahi kumwita hivyo. Duka letu ni jembamba, ukinyoosha mikono unagusa rafu za pande zote mbili. Mimi nakaa kaunta na kufuta vumbi. Yeye kazi yake ni mdomo.

Rafu anayoipenda iko mlangoni kabisa. Ni ya riwaya za fantasia: falme zisizokuwa kwenye ramani, majoka, mito inayosema, wafalme waliogeuzwa ndege. Chini ya kila kitabu kabandika kikaratasi chenye maneno yake mwenyewe. "Hiki kilininyima usingizi." "Hiki usikianze siku ya kazi, utafukuzwa." Watu huja kwa ajili ya vikaratasi hivyo, na sitasema uongo, kipaji anacho. Akikusimulia sura ya kwanza, unajikuta pochi iko mkononi.

Shida ni kwamba sura za kwanza ndizo anazozijua. Akifika katikati ya kitabu, kipya kinamwita, basi kile cha kwanza anakitupa chini ya kaunta na utepe wake ndani, pale alipoishia, kisha anakiandikia kikaratasi. Nimemsema mpaka nimechoka. "Dada, mwisho ni wa msomaji," hunijibu, "mimi namfungulia mlango tu." Nami nilikuwa nacheka, naendelea na vumbi langu.

Mteja wake mkubwa alikuwa mke wa fundi seremala wa mtaa wa nyuma. Ugonjwa ulikuwa umemlaza kitandani kwa muda mrefu, na kila jioni mumewe alimsomea. Vitabu vyake vyote vilitoka kwenye rafu ile ya mlangoni. Cha mwisho kilikuwa cha malkia aliyenyang'anywa mwili wake, akabaki ukungu mtupu, akazunguka nchi nzima akiutafuta. Kikaratasi chake kilisema: "Utakifunga ukitabasamu."

Asubuhi moja fundi akaingia dukani na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Profesa, nimetumwa," alisema. "Jana mke wangu alinizuia nisisome sura ya mwisho. Anauliza, malkia anarudishiwa mwili wake? Kama harudishiwi, anataka tuishie hapo hapo. Anasema kwa hali aliyonayo, hilo hataliweza."

Kaka yangu hakupepesa jicho. "Anarudishiwa. Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi. Someni leo leo."

Fundi alishukuru kama mtu aliyepewa majibu mazuri na daktari. Alipotoka tu, nikaichomoa nakala ya kaka yangu chini ya kaunta. Utepe ulikuwa katikati.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Vitabu vya namna hii vyote huisha hivyo. Acha maneno, kuna mteja."

Siku ikasonga. Hakuniangalia usoni tena, na kitabu hakukigusa. Tulipokuwa tunafunga duka ndipo alipokifungua mwishoni, akasoma amesimama, funguo mkononi. Nikaona uso unambadilika.

"Anaukuta mwili wake," alisema. "Umeshazikwa. Harudi."

Tulikwenda kwa fundi karibu ya kukimbia. Nilimfuata kwa sababu namjua, angefika mlangoni akageuza.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana, kinanuka gundi na vanishi. Tulikuwa tumechelewa. Fundi alikuwa chini ya taa na kitabu mapajani, anapeleka kurasa mbele, anazirudisha nyuma. Mkewe macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini alipomwona kaka yangu uso ukachangamka.

"Afadhali umekuja, Profesa. Nakala yetu ina kasoro. Imeishia malkia yuko kaburini. Nimemwambia huyu kurasa zimepungua, ananibishia."

"Nimeangalia namba, zinafuatana," fundi alisema taratibu.

"Basi wamekosea kiwandani. Profesa mwenyewe amekisoma chote." Akamgeukia tena kaka yangu. "Hiyo uliyoshika si ndiyo nakala yako? Hebu tusomee palipobaki."

Kaka yangu alikuwa amekikumbatia kitabu kifuani. Nikaona mdomo unafunguka, nikajua kinachokuja: atasema naam, kiwandani hutokea, kesho nitawaletea nyingine. Nikamkazia macho. Alianza neno, akalimeza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na mimi pembeni yake nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Hazijapungua, shemeji," alisema. "Kinaishia hapo. Sikukisoma."

Mgonjwa hakumgombeza. Bora angemgombeza. Aligeuza kichwa ukutani, pale mumewe alipomtengenezea rafu ndogo ya mbao nzuri, iliyopigwa msasa ikateleza. Vitabu vyote alivyowahi kuchaguliwa na kaka yangu vilikuwa pale, vimepangwa kwa urefu, na vikaratasi vyake vimechomoza juu ya kurasa. Alikuwa akiomba kila kikaratasi pamoja na kitabu chake, hakutupa hata kimoja.

"Na vile vingine?" aliuliza.

Fundi naye akainua macho, akingoja jibu. Kaka yangu, mtu wa maneno, alitazama viatu vyake.