Bartol na Mstari wa Kati

Katika kijiji cha Jarmovci, hakuna mtu aliyesema mbele ya Bartol Šimundić kwamba klabu ya Kosac imekufa kisha akaachwa aende zake kwa amani. Hata padri hakusalimika. Jumapili moja, akihubiri juu ya mambo ya dunia yanayopita, aliyataja yaliyokwisha kijijini: shule, kinu cha unga, kituo cha treni, klabu ya mpira. Misa ilipoisha akamkuta Bartol amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Padri, kinu sawa. Treni sawa. Klabu uiache."

"Bartol, Kosac haijacheza ligi miaka saba sasa."

"Na wewe hujaoa maisha yako yote. Kuna mtu amesema umekufa?"

Padri alicheka mpaka akashika ukuta. Bartol hakucheka. Alivaa kofia yake akaenda kukata nyasi za uwanja, maana ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila wiki, ingawa hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Kosac ilianzishwa zamani na wafyekaji wa ngano, vibarua waliokata shamba la tajiri mmoja, na jina lenyewe maana yake ni hiyo, mfyekaji. Hawakuwa na uwezo wa kununua jezi. Wake zao walichukua fulana za ndani, wakazichemsha kwenye sufuria pamoja na maganda ya matunda ya mti wa jozi, zikatoka rangi ya kahawia. Mechi ya kwanza mvua ilinyesha, rangi ikachuja, wachezaji wakarudi nyumbani na migongo ya kahawia ambayo haikutoka mpaka sikukuu ya Noeli. Vijiji vya jirani viliwaita Matope. Kosac ikaipenda rangi hiyo kwa ubishi tu, na baadaye, hata fedha za jezi nzuri zilipopatikana, hawakukubali nyingine.

Bartol alikuwa beki wa kulia. Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga, lakini mshambuliaji aliyepita upande wake alijua amepita. Kwa siku za kazi alipakia magunia kinuni. Jumapili alivaa kahawia. Alikuwepo mwaka ule Kosac ilipopanda daraja, ikawafunga watu wa mjini kwenye tope lililowafika magotini, na kocha wa mjini akadai goli la pili lilikuwa limefungwa kwa kichwa cha mtu aliyekuwa ameanguka. Lilikuwa hivyo kweli, na kichwa kilikuwa cha Bartol.

Halafu vita vikaja, wanajeshi wakalala kwenye chumba cha kubadilishia nguo, milango ya chumba hicho ikachomwa kuwa kuni. Vita vilipokwisha Kosac ikarudi uwanjani. Kilichoimaliza hakikuwa vita. Ni basi la kila wiki la kwenda Ujerumani, na baadaye ndege za bei nafuu za kwenda Ayalandi. Aliondoka kipa, wakaondoka ndugu wawili wa kiungo, akaondoka mfungaji na mke wake na mtoto mchanga. Mechi ya mwisho ya ligi Kosac iliingia na watu saba, idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa. Kabla ya mapumziko mmoja aliteguka goti. Refa aliwasubiri wamnyanyue, akawasubiri wamjaribishe kusimama, mwishowe akapuliza filimbi taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Wiki mbili zilizofuata hawakutokea uwanjani, na chama cha mpira kikawafuta.

Bartol ndiye aliyekuwa amepiga chokaa mistari siku ile. Aliendelea kuipiga.

Maana ilibaki mechi moja. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa kijiji, Kosac huwagawa wanaume wake: waliooa dhidi ya wasiooa. Waliooa huvaa kahawia, wasiooa huvaa nyeupe. Ni Agosti, na waliokwenda mbali wamerudi likizo na magari yenye namba za kigeni, kwa hiyo kwa alasiri moja uwanja unajaa. Kijana aliyeoa mwaka huo huanza upande wa weupe. Kabla mpira haujapigwa, hutembea peke yake mpaka mstari wa kati, akavua nyeupe mbele ya watu wote. Mke wake humsubiri ng'ambo ya mstari na jezi ya kahawia.

Manda alimsubiri hapo Bartol walipokuwa vijana. Alikuwa ameishika jezi juu, kwa mikono miwili, kama anayepima pazia. "Vaa haraka," alimwambia, "mbavu zako zinaniaibisha." Tangu siku hiyo Bartol hakuvaa nyeupe tena, na Manda hakukosa mechi hata moja. Alipika maharagwe kwa nyama ya moshi kwenye chungu kikubwa nyuma ya goli, akawatukana marefa kwa majina ya baba zao, na mechi ikiisha aliwapakulia kwanza walioshindwa.

Alikufa Januari ya mwaka jana, akiwa amekaa, kahawa yake bado ya moto. Bartol alimzika kwenye kaburi la familia, ambako jina lake yeye lilikwisha kuchongwa kando ya jina la mke wake, na mwaka wa kuzaliwa na kistari. Siku ya Mtakatifu Roko ya mwaka huo Bartol hakucheza. Alikuwa bado amevaa nyeusi.

Mwaka huu maombolezo yalikwisha. Na Kosac ina kanuni, ya tangu enzi za wafyekaji: mjane, mwaka wake wa maombolezo ukiisha, huvuka kurudi kwa weupe. Zamani ilikuwa ni namna ya kuuambia umma kwamba mtu huyu yuko peke yake, asaidiwe, au atafutiwe mwenzake. Haikuwa imetumika kwa muda mrefu. Wajane wengi walikuwa wazee wasiocheza tena. Bartol bado alicheza, dakika kumi za mwanzo, upande wake wa kulia.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Vinko, jirani yake na nahodha wa waliooa, alimkuta uani akisafisha mashine ya kukatia nyasi. Vinko alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tumekaa sisi wa kahawia," alisema. "Tumekubaliana. Wewe hubanduki."

"Kanuni je?"

"Kanuni gani, bwana? Miaka hamsini unacheza pembeni yangu. Nani atanikanyagia watu?"

"Mjane huvuka, Vinko. Baba yako mwenyewe alivuka."

Vinko alichezea kamba ya kiatu chake. "Kanuni ilikuwa ya klabu," alisema polepole. "Na klabu, Bartol... usinipige na hiyo mashine. Klabu haipo. Kwa hiyo hakuna anayekudai chochote. Baki na sisi. Baki na Manda wako."

Bartol hakumpiga. Vinko alipoondoka, aliendelea kufuta kisu kilichokuwa safi tangu asubuhi.

Alikuwa amepewa alichokitaka. Usiku mwingi tangu Januari alikuwa ameiwaza siku hii, mikono yake ikivua kahawia mbele ya watu, na kila mara alihisi kwamba siku hiyo ndiyo atakayomzika Manda kweli, kuliko siku ile ya mazishi kwenye theluji. Sasa mlango ulikuwa wazi asivuke. Bei yake ilikuwa neno moja tu, neno ambalo alikuwa amewagombeza padri na kijiji kizima wasiliseme. Kama kanuni imekufa, Kosac imekufa. Na kama Kosac imekufa, miaka saba hii alikuwa akikata nyasi za nini?

Binti yake Jasna alikuwa amekuja kutoka Dublin. Asubuhi ya sikukuu alimkuta jikoni, jezi zote mbili zikiwa mezani: ya kahawia, na fulana nyeupe ambayo Manda aliitumia kufutia madirisha mpaka ikalainika.

"Unavaa ipi, baba?"

"Mama yako angesema nini?"

"Angesema chai inapoa."

Alikunywa. Jasna alikaa karibu naye, akaigusa jezi ya kahawia kwenye kola, mahali paliposhonwa mara nyingi kwa uzi wa rangi zisizofanana.

"Hakuna atakayekulaumu," alisema. "Ukibaki."

"Najua. Hilo ndilo linalonisumbua. Ingekuwa klabu hai, wangenilaumu."

Alasiri uwanja ulijaa. Chungu cha maharagwe kilikuwa nyuma ya goli, kikisimamiwa na wanawake watatu waliobishana kuhusu chumvi, kwa kuwa Manda hakuwahi kumwambia mtu kipimo chake. Wanaume walikunywa divai iliyochanganywa na maji ya gesi, wakaulizana habari za mishahara ya ugenini bila kujibiana. Waliooa walijipanga upande mmoja. Wasiooa walijipanga upande wa pili, vijana tupu, pamoja na Lovro, nahodha wao, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, ambaye hakuwahi kuoa na alikuwa na kitambi kilichoingia uwanjani kabla yake.

Mwaka huo hakukuwa na bwana harusi wa kuvuka. Refa aliangalia saa yake, akaweka mpira katikati.

Bartol alitoka kwenye safu ya kahawia. Alitembea mpaka mstari wa kati, ule aliouchora mwenyewe asubuhi, na hapo akasimama muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kuongea, kwanza wa mbele, kisha mpaka wa kwenye divai. Vinko nyuma yake alimwita kwa sauti ya chini: "Bartol. Rudi, ndugu yangu."

Alivua jezi. Kifua chake kilikuwa cheupe na chembamba, na nywele za mvi katikati. Ndipo alipogundua kwamba hakuna anayejua jezi ya kahawia inapokelewa na nani. Wafyekaji hawakusema, au walisema na kila aliyesikia amekwisha kufa. Alibaki nayo mkononi, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Jasna alitoka kwa watazamaji, viatu vyake vya mjini vikizama kwenye nyasi, akaipokea. Alimshikia na ile nyeupe ya jikoni, aliyokuwa ameibeba mkobani, akamsaidia mkono wa kushoto, uliokuwa mgumu tangu enzi za magunia.

Bartol akavuka.

"Karibu nyumbani," alisema Lovro. "Nafasi ipo. Soksi tunafua wenyewe."

"Harufu inasema hamfui."

Mwanamke mmoja mjane kwenye benchi alisema kwa sauti iliyosikika na wote kwamba nyeupe inampendeza, na mwenzake akamwambia avae miwani ndipo aseme. Watu wakacheka, refa akapuliza filimbi.

Bartol alikwenda kulia. Nyasi zilikuwa zile zile, lakini goli alilolilinda lilikuwa la upande mwingine, na jua ambalo maisha yake yote lilikuwa mgongoni sasa lilimpiga machoni. Hakumtafuta Manda kwenye chungu. Alijikaza asitazame huko. Baada ya dakika chache hivi Vinko alipokea mpira, akampita kijana mmoja, akampita Lovro bila shida kwa kuwa Lovro alikuwa akipumzika, akapiga. Mpira ukagonga mwamba, ukaingia.

Bartol aliinua mikono yote miwili juu. Alikuwa amekwisha kumkimbilia Vinko na kumkumbatia shingoni, akipiga kelele za furaha, ndipo aliposikia ukimya wa wenzake wenye fulana nyeupe nyuma yake, halafu kicheko, kikianzia kwenye mabenchi na kuzunguka uwanja mzima. Vinko hakucheka. Alimshika kwa nguvu, hakumwachia.

"Bartol," Lovro aliita kutoka mbali, mikono kiunoni, "uko upande gani, babu wewe?"

Bartol alijitoa polepole. Alifuta uso kwa upindo wa fulana.

"Nivumilieni," alisema. "Huku mimi ni mgeni."

Akarudi kwenye nafasi yake, kulia, akamwambia kijana wa katikati asogee na amwangalie vizuri Vinko, kwa sababu siku zote hupita upande ule ule.